Hisa za benki za Kanada kwa gawio la muda mrefu: ninunue ipi?

MamaNuru_Edmonton

Wakuu habari za majukumu. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, nipo Edmonton tangu 2021. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Nina dola 18,000 zimekaa kwenye akaunti ya akiba, na riba yake ukiitazama unacheka mwenyewe. Hela ya dharura nimeitenga pembeni, kwa hiyo hizi sizihitaji leo wala kesho. Nataka zikae miaka kumi na tano au zaidi, ziwe zinanipa chochote kila baada ya miezi mitatu, na zenyewe zikue.

Kazini kuna mama mmoja Mfilipino anayekaribia kustaafu. Kila gawio likiingia anatuonyesha simu. Amejaza benki tupu. Ananiambia nichukue Scotiabank na nisihangaike, kwa sababu ndiyo inayolipa asilimia kubwa. Nikaenda tawi la benki ninakoweka mshahara kuulizia. Kijana wa pale akanisikiliza kwa adabu zote, akaniletea maji, halafu akanitolea karatasi ya mfuko wao wa uwekezaji unaokata zaidi ya asilimia mbili kila mwaka. Hisa za benki yake mwenyewe hakuzitaja kabisa.

Shemeji yangu yuko Dar, ana NMB na CRDB, naye ananicheka. Anasema unaenda kugombania asilimia nne za Wazungu wakati NMB kwa mwaka 2024 imetoa shilingi 428.85 kwa kila hisa.

Sasa naomba kueleweshwa. Ninunue benki ipi? Ni kweli hazijawahi kupunguza gawio? Na nikiamua kurudi Tanga uzeeni, hizi hisa zinakuwaje? Hiyo TFSA nayo naisikia tu, sijui inaingiaje hapa.

Naomba kuwasilisha.

Bwana_Calgary

TD tu dada. Rangi ya kijani iko kila kona, Kanada na Marekani. Nunua, funga macho, fungua ukistaafu.

Dereva_Hamilton

MamaNuru, marahaba. Umri wa kuamkiwa nimeshaufikia, kwa hiyo naipokea.

Huyo wa Calgary sina ugomvi naye kwenye jina la benki, ila kwenye kufunga macho hapana. Hiyo TD mwezi wa kumi 2024 ilikiri kosa huko Marekani kwa kuacha fedha chafu zipite mikononi mwake. Ikapigwa adhabu ya zaidi ya dola bilioni 3 za Kimarekani, na ikawekewa dari: mali za benki yake ya rejareja kule zisizidi dola bilioni 434. Na Marekani ndiko ilikokuwa imeelekeza matumaini yake ya kukua. Mwisho wa mwaka ule hisa yake ilikuwa kwenye dola 75 hivi. Aliyevumilia hakupata hasara, maana kabla ya 2025 kwisha ilishapita 110. Lakini nakuuliza, wewe ungekuwa na dola 18,000 zote mle, baada ya zamu ya usiku ungelala?

Mimi naendesha basi la mji hapa Hamilton, cheti cha fedha sina. Nilianza kununua hisa za benki 2011, na kilichonivuta hakikuwa gawio. Kilichonivuta ni kwamba nilichoka kulipa ada ya akaunti kila mwezi, nikajiuliza hii hela inaenda kwa nani.

Inaenda kwa wenye hisa. Benki kubwa hapa ni sita: Royal Bank, TD, Scotiabank, BMO, CIBC na National Bank ya Montreal. Mwaka 1998 Royal na BMO walitaka kuungana, TD na CIBC nao wakaiga. Desemba mwaka ule waziri wa fedha, Paul Martin, akawakatalia wote. Na kwa benki kubwa kiasi hiki sheria hairuhusu mtu mmoja kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya hisa zenye kura. Maana yake ni kwamba wakubwa hawamezani, tajiri wa nje hawezi kuja kuzibeba, na mgeni akitaka kuanzisha benki ya kushindana nazo atasota. Kama mteja hali hii inaniudhi. Kama mwenye hisa, ndiyo iliyonileta.

Jambo la pili ni msimamizi wao, OSFI. Hapo wewe wa Edmonton historia inakuhusu. Mwaka 1985 benki mbili za Alberta zilianguka, Canadian Commercial Bank ya hapo hapo Edmonton na Northland ya Calgary. Tangu Home Bank ianguke 1923 kitu kama hicho kilikuwa hakijatokea. OSFI ikaundwa 1987 kutokana na aibu ile, na haina mzaha. Machi 2020, korona ilipoingia, iliwaambia benki zote: gawio mnaloendelea kulipa lipeni, lakini marufuku kuliongeza na marufuku kununua hisa zenu wenyewe. Marufuku ile ilidumu hadi Novemba 2021. Faida zilirudi mapema, hela zikawa zimejaa ndani hazina pa kwenda, na ilipofunguliwa tu, wote wakapandisha gawio ndani ya wiki chache.

Sasa swali lako la kupunguza. BMO imelipa gawio kila mwaka tangu 1829, TD tangu 1857. Hizo namba utaziona kwenye kila tangazo, na ni za kweli. Ila soma vizuri: kulipa kila mwaka na kutopunguza kamwe ni mambo mawili. Ninachoweza kukusimamia ni kwamba kwenye msukosuko wa 2008 na 2009, wakati benki za Marekani na Ulaya zinafyeka magawio, hizi sita hazikupunguza hata senti. Ziliganda tu bila kuongeza. Korona vilevile. Lakini Laurentian ya Quebec, benki ndogo, 2020 ilishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 67 hadi 40. Kwa hiyo mtu akikwambia "benki za Kanada hazipunguzi," muulize benki gani.

Nije kwa huyo mama Mfilipino, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Asilimia ya gawio ni hesabu ya kugawanya: juu kuna gawio, chini kuna bei. Inaweza kuwa kubwa kwa sababu benki imeongeza gawio, au kwa sababu watu wameikimbia hisa na bei imeporomoka. Ukiangalia kwenye simu, hali hizo mbili zinaonekana sawa.

Tazama namba hizi. Mwisho wa 2014 Scotiabank ilikuwa inalipa senti 66 kila robo mwaka. Mwisho wa 2024, dola 1.06. Royal katika miaka hiyo hiyo ilitoka senti 75 hadi dola 1.48. National Bank, ambayo watu wa huko kwenu magharibi walikuwa hawaijui hata jina, ilitoka senti 50 hadi dola 1.14. Sehemu kubwa ya miaka hiyo Scotiabank ndiyo iliyokuwa inaonyesha asilimia kubwa, na National mara nyingi ilikuwa chini yake. Aliyefuata asilimia aliishia na gawio lililopanda kwa mwendo wa kobe na bei iliyokaa palepale. Aliyechukua National alipata gawio lililozidi mara mbili, na bei ikapanda nalo.

Kwa nini ikawa hivyo? Scotiabank ilipeleka mtaji wake Meksiko, Peru, Chile na Kolombia, ikitegemea watu wa kule ni vijana na wengi hawana akaunti. Wazo halikuwa la kijinga. Lakini fedha za kule ziliyumba, mikopo mibaya ikawa mingi, na kila dola iliyofungiwa kule ilizaa kidogo kuliko ambayo ingebaki nyumbani. Januari 2025 ikatangaza kuzikabidhi shughuli za Kolombia, Kosta Rika na Panama kwa benki ya Davivienda ya Kolombia. National ilikaa Quebec inakojulikana, ikashughulika na matajiri na masoko ya mitaji. Februari 2025 ikainunua Canadian Western Bank, ile ya hapo kwenu Edmonton.

Benki hizi zikipata faida ya dola 100, hulipa kama 40 hadi 50 za gawio. Zinazobaki ndizo unazopaswa kuzichunguza. Zinakuwa mtaji, na kwa mtaji huo benki inakopesha zaidi, au inanunua benki nyingine, au inanunua hisa zake yenyewe. Ukuaji unaoutaka wewe unatoka kwenye nusu hiyo ambayo hukupewa. Wenzetu wengi wanaangalia nusu iliyoingia mfukoni tu.

Na bei zitaanguka, usidanganywe. Royal ilikuwa karibu dola 109 Februari 2020, na Machi ikagusa 72. Gawio likaendelea kuingia kama kawaida, ila ukifungua programu kwenye simu unaona nyekundu tupu. Kama huwezi kuitazama nyekundu hiyo bila kuuza, bora hela yako ibaki kwenye akiba.

Hatari yenyewe ya miaka hii ni mikopo ya nyumba. Huku mtu anakopa kwa miaka 25 lakini riba inafungwa mara nyingi kwa miaka mitano tu, halafu anapangiwa upya. Waliofunga 2020 na 2021 kwa riba chini ya asilimia 2 wanarudi mezani 2025 na 2026 na kukuta habari nyingine. Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka robo asilimia mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 5 Julai 2023, kisha kuanzia Juni 2024 ikaanza kushusha. Wengi wanajikaza na kulipa, wanafunga mkanda kwingine. Aliyekopa bila kutanguliza angalau asilimia 20 ya bei alilazimika kukata bima, na bima hiyo inamlinda mkopeshaji. Ndiyo maana sikosi usingizi. Ila kila ripoti ya robo mwaka natafuta namba moja kwanza: wametenga kiasi gani kwa ajili ya mikopo itakayoshindwa kulipwa.

Ushauri wangu, uupime mwenyewe. Usichague benki. Kuna mfuko unaitwa ZEB, wa BMO, unaonunuliwa sokoni kama hisa ya kawaida. Ndani yake kuna benki zote sita kwa mafungu sawa, na unakata chini ya theluthi ya asilimia moja kwa mwaka. Na hata huo usiweke zote 18,000. Mshahara wako unatoka Kanada, pensheni yako itatoka Kanada, ukinunua nyumba itakuwa ya Kanada, na benki hizi zinakula kwenye sahani hiyo hiyo. Mimi ningeweka theluthi. Zinazobaki ningenunua mfuko wa dunia nzima kama XEQT, ambao nao una benki hizi ndani kwa kiasi chake.

Shemeji yako mwambie hongera, NMB imefanya vizuri kweli. Ila gawio lake anapokea kwa shilingi na anakula Dar. Wewe kodi ya pango unalipa Edmonton kwa dola.

Mkamba_Brampton

Mzee wa basi, heshima yako, lakini kwa Scotiabank nakupinga. Mimi nilichukua Oktoba 2023 ikiwa dola 57, wakati kila mtu anaitukana. Gawio lilikuwa dola 4.24 kwa mwaka. Piga hesabu, ni zaidi ya asilimia saba. Hadi leo nalipwa, limeongezwa kidogo 2025, na bei ilishapita 90. Sasa hiyo asilimia kubwa ilinidanganya wapi?

Sisi Wakenya tunajua gawio likikatwa linafananaje. KCB kwa mwaka 2023 haikulipa hata ndururu. Kwa hiyo nikiona benki imeangushwa bei lakini inaendelea kulipa, mimi nanunua.

Dereva_Hamilton

Mkamba, ulinunua vizuri na sikunyang'anyi. Lakini kilichokulipa ni bei ya 57, uliyoipata wakati wenzako wana hofu. Asilimia saba ilikuwa kivuli cha bei hiyo. Halafu mwezi huo huo National ilikuwa kama 86, na kabla ya 2025 kwisha ilishapita 160. Hata ukijumlisha gawio lako lote, hukuiacha nyuma.

Na wewe uliingia ukijua unachofanya. Mama Nuru anaambiwa achukue Scotiabank kwa sababu ndiyo inayolipa zaidi, basi. Aliyeambiwa hivyo Februari 2022 aliinunua karibu na 95, akaishuhudia ikishuka hadi 55. Muulize huyo asilimia yake.

Mkamba_Brampton

Hapo kwa 95 nakubali. Lakini sitaziuza 😄

Karani_Winnipeg

Dada Mama Nuru, mimi najaza watu fomu za kodi kila msimu, nikusaidie upande ambao wakuu hapo juu wameuruka.

Kwa kesi yako TFSA ndiyo ya kwanza. Ni akaunti tu, ndani yake unaweza kuweka hisa, mfuko au akiba ya kawaida. Gawio na faida vinavyozaliwa mle havikatwi kodi na wala havitajwi kwenye fomu yako. Nafasi yako ilianza kuhesabika mwaka ulioanza kuwa mkaazi wa Kanada, si 2009 kama wenyeji: 2021 dola 6,000, 2022 dola 6,000, 2023 dola 6,500, kisha 7,000 kila mwaka kuanzia 2024. Hadi mwisho wa 2025 ulikuwa na 32,500. Kwa hiyo 18,000 zako zinaenea zote na nafasi inabaki. Usipitishe tu, maana kila mwezi unatozwa asilimia moja ya kilichozidi.

Sasa sikiliza hili kwa sababu una watoto. Watu wanasema gawio la kampuni za Kanada lina nafuu ya kodi hata nje ya TFSA. Ni kweli, nafuu ipo. Lakini namna inavyokokotolewa, gawio la dola 1,000 linaandikwa kwenye kipato chako kama 1,380, ndipo unapewa punguzo la kodi baadaye. Punguzo linasaidia kwenye kodi. Posho ya watoto unayopewa na serikali haiangalii punguzo, inaangalia kile kipato kilichovimbishwa. Familia ya watoto wawili iliyopita kizingiti cha kwanza cha kipato, na haijafika cha pili, inapunguziwa senti 13 na nusu kwa kila dola ya ziada. Kwa 1,380 hiyo ni kama dola 186 za posho zimeondoka kwa mwaka, kwa gawio la 1,000. Nimeona akina mama wanashangaa Julai posho imeshuka na hawajui ilikotokea. Ndani ya TFSA jambo hili halipo.

Kuhusu kurudi Tanga. Ukishaacha kuwa mkaazi, TFSA unaweza kubaki nayo, Kanada haitaikata kodi, ila huongezi nafasi mpya na usiweke hela mpya. Tanzania haiitambui kama akaunti maalumu, kwa hiyo ukiwa mkaazi wa kule jiandae kuulizwa na TRA kuhusu kipato cha nje. Hisa zilizo nje ya TFSA ni habari nyingine: gawio linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 25 kabla halijakufikia, isipokuwa mkataba wa kodi uishushe, na siku unapohama Kanada inahesabu kama umeziuza zote. Kabla hujakata tiketi, mwambie dalali wako wa hisa unahama. Si madalali wote wanaokubali mteja anayeishi nje, na wengine hufunga uwezo wa kununua.

BintiKisauni_Ottawa

Dada, samahani, sitaki kuingilia imani ya mtu. Lakini jina la Nuru na Tanga vimenifanya niulize. Biashara ya hizi benki ni riba tangu asubuhi hadi jioni. Kampuni ya simu yenye riba kidogo pembeni, kuna wanazuoni wanaoruhusu, ukaitoa sadaka ile sehemu iliyochanganyika. Benki ya kawaida hapo hakuna cha kutenganisha.

Mimi niko kwenye WSHR, mfuko wa Wealthsimple wa hisa za dunia unaochujwa kwa misingi ya sharia. Benki zimetolewa zote. Gawio lake ni dogo, nakwambia mapema usije ukanilaumu, na ada yake ni kubwa kuliko hiyo mifuko ya kawaida. Lakini nimetulia nao.

Dereva_Hamilton

Binti Kisauni kasema jambo ambalo mimi Mkatoliki wa Moshi nisingelikumbuka. Kama dini yako inakataza, Mama Nuru, maneno yangu yote ya juu yapitie mbali, na mfuko kama huo unaweza kukua vizuri tu. Hakuna aliyesema ukuaji lazima upitie kwa gawio.

MamaNuru_Edmonton

Wakuu nimesoma yote, nimerudia mara mbili baada ya zamu. Mungu awabariki.

Hilo la riba mume wangu ndiye angeliuliza, na mimi nilikuwa natumaini halitaulizwa hapa, hahaha. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo. Nimemwonyesha. Kasema hela ni zako, lakini kwenye TFSA yake yeye anataka hiyo ya Binti Kisauni. Basi kila mtu na yake.

Posho ya watoto imenishtua. Kila mtu kazini anajua gawio "lina nafuu ya kodi", hakuna aliyenitajia 1,380.

Nimepanga 6,000 ziende ZEB na 12,000 mfuko wa dunia. Sasa: niziingize zote kwa mkupuo au kidogo kidogo? Na gawio la ZEB linaingia lini, maana yule mama yake huingia kila miezi mitatu.

Dereva_Hamilton

ZEB inalipa kila mwezi. Benki zenyewe hulipa kila robo mwaka, ila hazilipi siku moja: TD, Scotiabank na CIBC huangukia mwisho wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba, Royal na BMO mwisho wa Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mfuko unayakusanya na kukugawia kwa mafungu.

Usije ukanunua haraka haraka siku moja kabla ya gawio ukidhani umewahi. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio hilo, bei inashuka kwa kiasi hicho hicho, soko likiwa limetulia.

Kwa mkupuo au kidogo kidogo: kihesabu, mkupuo mara nyingi hushinda, kwa sababu masoko hupanda miaka mingi kuliko yanavyoshuka. Lakini wewe hujawahi kuona hela yako ikiwa nyekundu. Ningekuwa wewe ningegawa mafungu manne, moja kila mwezi. Kuna madalali siku hizi hawatozi kitu kwa kununua, Wealthsimple na Questrade wamo, kwa hiyo mafungu hayakugharimu. Ukiweka gawio lijinunulie lenyewe vipande vingine, hutakuwa na haja ya kufungua simu kila wakati. Hizo picha za gawio kazini utamwachia mama Mfilipino.

Bwana_Calgary

Na TD yangu je? 😂

Dereva_Hamilton

Imo ndani ya ZEB, moja ya sita. Fumbua jicho moja.

Karani_Winnipeg

Mama Nuru, kabla hujabonyeza chochote. Hiyo akaunti ya akiba yenye 18,000, angalia jina lake kamili kwenye taarifa ya benki. Watu wengi waliofunguliwa akaunti ile wiki ya kwanza ya kufika walifunguliwa ya TFSA bila kuelezwa.

MamaNuru_Edmonton

Nimeangalia sasa hivi. Imeandikwa TFSA! Kumbe muda wote ninayo. Basi si naitoa tu niihamishie kule?

Karani_Winnipeg

Usiitoe kwa mkono wako. Ukitoa 18,000, nafasi hiyo inakurudia Januari ijayo, haikurudii leo. Ukiziweka kwingine mwaka huu zinahesabiwa mchango mpya. Ukijumlisha na nafasi ya mwaka huu, bado una za kutosha kulingana na ulivyoeleza, lakini utakuwa umeila bure, na kama uliwahi kuweka na kutoa katikati hesabu inaweza kukupita.

Fungua TFSA kwa dalali mpya, kisha jaza fomu ya uhamisho upande wa huyo dalali. Wao ndio watakaozivuta kutoka benki, wewe hugusi. Benki unayoiacha inaweza kukukata ada ya kuhamisha, mara nyingi kati ya dola 50 na 150. Muulize dalali mpya kama anairudisha, wapo wanaoirudisha ukileta kiasi kama hicho. Pata jibu hilo kwa maandishi kwanza, ndipo utie sahihi.